Jinsi ya Kujifunza Mitindo ya Juu ya Kuskrachi kwa Santuri

Kuskrachi ni kuisogeza santuri mbele na nyuma kwa mkono ili itoe mlio. Mwongozo huu unamhusu DJ ambaye tayari anaweza kuisukuma na kuivuta santuri bila sindano kuruka, anayeifahamu skrachi ya beibi, yaani kwenda na kurudi tu, ambayo hupigwa feda (hapa ni krosifeda, kitelezi cha kufunga na kufungua sauti) ikiwa wazi muda wote, na ambaye anaweza kufunga na kufungua krosifeda kwa kufuata biti. Mitindo inayokuja baada ya hapo, yaani chepu, transfoma, flea, obiti na krabu, humpa mtazamaji picha ya vidole vyepesi vinavyochezacheza juu ya mikisa, kifaa cha kuchanganya sauti chenye feda hiyo, na ndiyo maana wanafunzi wengi hutumia miezi mingi wakiikimbiza feda huku mkono ulioshika santuri ukiyumba. Msimamo wangu ni kwamba mpangilio huo umegeuzwa kichwa chini miguu juu. Mkono wa santuri ndio unaoshika wakati, na mkono wa feda hauna kazi nyingine ila kuigawa sauti ambayo mkono wa kwanza umekwisha kuitoa. Anayelielewa jambo hili mapema hupunguza sana safari yake, kwa sababu mitindo mingi inayoonekana kuwa tofauti hutumia mwendo mmoja wa santuri, na kinachobadilika ni mahali ambapo sauti inanyamazishwa.

Historia yenyewe ya skrachi inaonyesha hivyo. Katikati ya miaka ya 1970, huko Bronx katika jiji la New York, Grand Wizzard Theodore, ambaye ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi, alianza kwa kuisogeza santuri mbele na nyuma kwa mkono, na mchezo wa feda ulikuja kushamiri baadaye. Katika miaka ya 1980 MaDJ wa Philadelphia, akiwemo DJ Jazzy Jeff, waliendeleza transfoma na chepu. Mwishoni mwa miaka hiyo DJ Flare alikuja na mtindo ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake, na kutokana na mtindo huo DJ Qbert alifika kwenye krabu. Mfuatano huo haukuwa wa bahati, kwani kila mtindo ulisimama juu ya ule uliotangulia, na mwanafunzi wa leo atafanya vyema akiufuata karibu jinsi ulivyo.

Vifaa na namna ya kuviweka

Deki, yaani mashine ya kuzungushia santuri, inayofaa ni ile ambayo mota yake inazungusha moja kwa moja sahani inayobeba santuri. Deki ambayo sahani yake huzungushwa kwa mkanda wa mpira haifai, kwa kuwa mkanda huteleza unapoizuia santuri na kuchelewa kurudi kwenye kasi yake unapoiachia. Technics SL-1200, iliyotoka mwaka 1972 na kuboreshwa kwa toleo la MK2 mwaka 1979, ndiyo iliyoweka kipimo ambacho deki nyingine zimeendelea kulinganishwa nacho, ingawa leo zipo deki zenye mota yenye nguvu zaidi yake. Igeuze deki robo mzunguko ili mkono wa sindano ulale upande wa mbali na wewe. Kwa mkao huo mkono wako hautaugonga, na nafasi ya kuichezea santuri inakuwa yako.

Uzito wa sindano ndio unaowasumbua wengi. Sindano nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya kuskrachi hubeba kati ya gramu 3 na 5, na kila mtengenezaji hutaja kiwango chake, hivyo anzia hapo badala ya kuubana hadi mwisho uzito ulio nyuma ya mkono wa sindano. Sindano iliyolemewa hukwangua mifereji ya santuri, na baada ya muda sehemu unayoifanyia mazoezi hutoa mvumo unaofunika sauti yenyewe. Sindano ikiruka, kabla ya kuongeza uzito, chunguza kwanza kama deki iko sawa pande zote, kama meza haitikisiki, na kama mkono wako haubonyezi santuri kuelekea chini. Kisa hicho cha mwisho ndicho kinachopatikana zaidi. Vidole vinapaswa kukaa juu ya santuri kwa uzito unaotosha kuisogeza tu, na mkeka wa kitambaa ulio chini yake uwe unateleza kiasi kwamba sahani inaendelea kuzunguka bila kusita wakati umeishika santuri. Karatasi laini yenye nta iliyokatwa kwa umbo la mkeka na kuwekwa chini yake husaidia sana pale mkeka unapokuwa mzito.

Upande wa mikisa, kinachohitajika ni mkunjo mkali wa krosifeda, maana yake sauti ifunguke kikamilifu mara feda inapoachana na ukingo wake kwa milimita moja au mbili. Mikisa iliyopangwa kwa ajili ya kuchanganya nyimbo polepole hufungua sauti kidogo kidogo hadi katikati, na juu ya mikisa ya namna hiyo flea haiwezekani hata kwa mwenye mkono mzuri. Anayetumia santuri ya msimbo, yaani santuri yenye ishara zinazoiambia kompyuta jinsi mkono unavyosogea, pamoja na kompyuta, teknolojia iliyoenea tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, naye ahakikishe kwamba ucheleweshaji wa sauti umewekwa katika kiwango cha chini kabisa ambacho kompyuta inaweza kuhimili bila kukwaruza, kwa sababu sikio linalosikia sauti baada ya mkono kukwisha kusogea hujifunza wakati usio sahihi.

Uamuzi mmoja hufanywa kabla ya kuanza, nao ni wa upande wa feda. Mikisa nyingi zina swichi ya kugeuza krosifeda, inayojulikana kama hamsta kutokana na kundi la MaDJ la Bulletproof Scratch Hamsters. Chukua mfano wa anayeskrachi deki ya kushoto huku mkono wake wa kulia ukiwa kwenye feda. Katika mpangilio wa kawaida sauti hufungwa feda ikiwa kulia kabisa, kwa hiyo kidole gumba ndicho kinachofunga na vidole vingine ndivyo vinavyofungua. Swichi ikigeuzwa, vidole hufunga na kidole gumba hufungua. Wengi huona flea ni rahisi zaidi kwa mpangilio uliogeuzwa, kwa kuwa kidole hugonga feda na kidole gumba huirudisha chenyewe kama springi, ilhali transfoma hukaa vizuri katika mpangilio wa kawaida. Sioni sababu ya kubishania jambo hili. Jaribu yote mawili, kisha chagua moja na ubaki nalo, kwa maana kubadilisha kila wiki ni kuwafundisha vidole kazi mbili zinazopingana.

Sauti ya kufanyia mazoezi

Sauti mbili ambazo karibu kila DJ wa skrachi hujifunzia ni ile ndefu ya "ahhh" na ile fupi ya "fresh", zote kutoka kwenye santuri moja ya mwaka 1982. Faida ya sauti ndefu ni kwamba inakaa katika hali moja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kila kosa la mkono husikika. Santuri inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8, kwa hesabu hiyo, sauti ya karibu nusu sekunde hujaza kidogo zaidi ya robo ya mzunguko. Bandika kipande cha stika kwenye lebo, kikielekea mahali sauti inapoanzia, na kiwe upande wako wa kushoto, au juu kabisa mbele yako. Mwendo wako wote, kuanzia mwanzo wa sauti hadi mwisho wake, sasa unaonekana kwa macho kama safari ya robo duara, na unaweza kujua bila kusikiliza kama mkono umefika mbali kuliko ulivyokusudia.

Mkono wa santuri

Kabla ya kuigusa feda tena, weka metronomu, kifaa kinachogonga mapigo kwa kasi moja, kwenye mapigo 80 kwa dakika na upige beibi kwa namna ambayo mkono unakwenda mbele katika nusu ya kwanza ya pigo na kurudi katika nusu ya pili. Pigo moja hapa ni sekunde 0.75. Lengo ni mwendo wenye kasi ileile kutoka mwanzo hadi mwisho wa robo duara, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu mkono wa binadamu hupenda kuanza polepole, kukimbia katikati na kupoa mwishoni. Kasi inapobadilika, sauti nayo hupanda na kushuka, na sikio hulitambua mara moja. Mwendo utoke kwenye kiwiko na kifundo cha mkono kwa pamoja. Anayetumia vidole peke yake huchoka upesi, na anayetumia bega hupitiliza.

Hapo ndipo pa kujifunza mchano, ambao ni kuugawa mwendo mmoja kwa kusimamisha santuri kidogo katikati bila kugusa feda: mbele, simama, mbele, kisha nyuma kwa mkupuo mmoja. Sauti tatu zinapatikana. Mchano ni mtindo unaodharauliwa kwa sababu hauna mbwembwe, lakini ndio unaompa DJ sauti inayoongea, kwa kuwa kila kituo hushusha sauti kidogo kabla ya kuipandisha tena. Ugeuze pia, uugawe mwendo wa kurudi badala ya ule wa kwenda, kisha uigawe yote miwili. Skribo, ambayo ni kutetemesha santuri kwa mwendo mdogo sana kwa kukaza misuli ya mkono, inafaa ijaribiwe kwa muda mfupi tu. Mkono unapoanza kuuma, acha. Kuhusu haidropleni, ambapo kidole cha mkono mwingine hugusa santuri kidogo kwa kupinga mwendo wake ili itoe mtetemo, hakuna mengi ya kueleza: kikauke kidole, kisimame karibu wima, na msuguano utafanya kazi yenyewe.

Chepu na transfoma

Chepu ni daraja la kuingilia mitindo ya juu, kwa sababu ndiyo ya kwanza inayodai mikono miwili isogee kwa pamoja ikiwa na malengo tofauti. Anza feda ikiwa wazi. Unaposukuma santuri mbele, funga feda kabla mkono haujafika mwisho. Mkono ugeuke kurudi wakati sauti imefungwa, kisha fungua huku ukivuta. Kinachoondolewa ni ile sauti ya kugeuka kwa santuri, na kinachobaki ni milio miwili mifupi inayofanana na ya ndege. Ukisikia mlio wa kugeuka, umechelewa kufunga. Ukisikia mlio mmoja ukiwa mfupi kuliko mwingine, mara nyingi tatizo liko katika kufungua, kwa kuwa wanafunzi hufunga kwa uangalifu na kufungua kwa pupa.

Transfoma huanzia upande wa pili: feda imefungwa, santuri inasogea polepole, na unaifungua kwa vipindi vifupi ili sauti ndefu ikatike vipande. Hapa mkono wa santuri unaweza kwenda polepole sana, hata kwa pigo zima kuelekea upande mmoja, na uhuru wote wa mdundo uko kwenye feda. Ni mtindo mzuri wa kujifunzia kuhesabu. Fungua mara mbili kwa pigo, halafu tatu, halafu nne, bila mkono wa santuri kubadilisha kasi.

Flea

Flea ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko mitindo mingine yote. Tofauti yake na transfoma ni moja tu, lakini inabadilisha kila kitu: flea huanza na kuisha feda ikiwa wazi, na sauti hukatwa kwa kufunga kwa kitambo kidogo wakati santuri ingali inasogea. Kufunga huko kwa kitambo ndiko kunakoitwa kliki. Kliki moja katika mwendo mmoja hutoa sauti mbili, na kliki mbili hutoa sauti tatu, kwa hiyo vidole hufanya kazi ndogo kuliko idadi ya sauti inayosikika. Ndiyo maana flea huruhusu kasi ambayo transfoma haiwezi kuifikia.

Jifunze kwa mwendo wa polepole unaochosha. Weka metronomu kwenye mapigo 60, sukuma santuri mbele kwa pigo zima, na katikati ya mwendo huo gonga feda mara moja ifunge na kufunguka. Usitazame feda, tazama stika. Ikiwa stika inasita kliki inapotokea, hata kwa nukta, mkono wa santuri umeingia katika kazi ya mkono wa feda, na ulichopiga ni mchano uliofunikwa na feda. Kosa hili hujificha vizuri kwa sababu sauti mbili zitasikika hata hivyo, lakini katika kasi kubwa huvunjika kabisa. Namna ya kulitambua kwa sikio ni kusikiliza kimo cha sauti: katika flea safi, kipande cha pili huanza kikiwa na kimo kilekile ambacho cha kwanza kiliishia, na katika mchano huanza kikiwa chini na kupanda.

Kosa la pili ni kliki ndefu. Feda inapokaa imefungwa kwa muda unaolingana na muda wa sauti, mdundo unakuwa na mashimo, na msikilizaji husikia transfoma dhaifu. Kliki ni mguso wa kugonga na kuachia, wala si kusogeza feda kwenda na kuirudisha. Acha feda ikae karibu na ukingo wake wa kufunga, katika ile milimita moja au mbili iliyotajwa awali, ili kidole kisiwe na safari ndefu. Wengi wanaolalamika kwamba vidole vyao ni vizito hugundua kwamba feda ilikuwa ikisafiri hadi katikati bila sababu yoyote.

Mwendo wa kwenda ukishatulia, fanya wa kurudi peke yake kwa siku kadhaa. Wa kurudi huwa mgumu zaidi, nao hupuuzwa.

Obiti na hesabu yake

Obiti ni flea inayopigwa pande zote mbili mfululizo. Kliki moja mbele na kliki moja nyuma hutoa sauti nne, kwa maana kule kugeuka kwa santuri, ambako katika chepu kulifichwa, hapa huachwa wazi na kuwa mpaka wa sauti ya pili na ya tatu. Kwa mapigo 80, mkono ukienda na kurudi ndani ya pigo moja, kila sauti ina takriban sekunde 0.19. Sasa ongeza kliki ya pili kila upande: sauti zinakuwa sita, kila moja sekunde 0.125, na mkono wa santuri haukuongeza kasi hata kidogo. Ulikwenda na kurudi ndani ya pigo lilelile. Mwanafunzi anayejitahidi kuiharakisha santuri ili apate sauti sita anapigana na jambo lisilohitajika.

Mbali na nne na sita ipo njia ya tatu, na mimi huiona kuwa ndiyo nzuri zaidi ya kutumia mbele ya watu. Ichanganye flea na chepu: mwendo wa mbele uwe na kliki moja katikati, ufungwe mwishoni kama chepu, na mwendo wa kurudi uwe sauti moja. Unapata sauti tatu kwa mzunguko mmoja wa mkono, zinazokaa juu ya biti ya mapigo manne kwa namna inayoyumba kidogo na kulifanya sikio litegee. Fanya mazoezi ya kupita kutoka tatu kwenda nne, kisha sita, na kurudi tatu, ukibaki mapigo mawili katika kila moja, bila metronomu kusimama na bila mkono wa santuri kuonyesha kwamba kuna kilichobadilika.

Krabu

Krabu iwe ya mwisho. Kidole gumba hukaa upande mmoja wa feda kikisukuma kwa nguvu ndogo ya kudumu, na vidole vingine hupita upande wa pili kimoja baada ya kingine, kuanzia kile kidogo cha mwisho, cha pete, cha kati hadi cha shahada, kila kimoja kikiigonga feda dhidi ya gumba na kuteleza. Katika mpangilio wa kawaida uliotajwa juu, kila kidole hufungua, hivyo vidole vinne hutoa sauti nne. Katika mpangilio uliogeuzwa kila kidole hufunga, na vidole vitatu vinatosha kutoa sauti nne. Twido ni hiyohiyo kwa vidole viwili, na inafaa itangulie.

Tatizo la krabu ni kwamba hutoa kelele ya kuvutia hata ikipigwa vibaya, na kelele hiyo humridhisha mpigaji kabla ya wakati wake. Kipimo ni kuipunguza kasi. Vidole vikisambaa juu ya meza kwa mpangilio wa polepole, kila kimoja kikigonga kwa nguvu sawa na mwenzake, mkono uko tayari. Ikiwa cha pete na kidogo vinashuka kwa pamoja, rudi mezani uvifundishe hapo kwanza. Kisha ipige krabu juu ya mwendo wa santuri wa nusu pigo kamili, sauti nne zikiwa na nafasi sawa, na kidole cha mwisho kikiangukia hasa mahali mwendo unapoishia.

Kupanga mazoezi na kuunda sentensi

Vipindi vifupi vya kila siku hushinda kikao kirefu cha mara moja kwa wiki, kwa kuwa kinachojengwa ni kumbukumbu ya misuli, na misuli iliyochoka hukariri makosa. Jirekodi sauti peke yake, bila picha, kisha isikilize rekodi ikiwa imepunguzwa kasi hadi nusu. Kliki zilizolala na milio isiyolingana, ambazo wakati wa kupiga hazikusikika, zitajitokeza zenyewe. Usipandishe metronomu kwa zaidi ya mapigo machache kwa mara moja, na ukipandisha, hakikisha unaweza pia kuishusha, kwa kuwa flea inayowezekana kwa kasi kubwa peke yake ina maana kwamba mpigaji anabahatisha.

Mitindo ikishakaa mkononi, acha kuipiga mmoja mmoja, iunganishe kama maneno ya sentensi. Chagua biti tupu isiyo na maneno, hesabu mafungu ya mapigo manne, na ujipe kanuni kwamba katika kila fungu la nne pigo la mwisho linabaki kimya, feda imefungwa na mkono ukiirudisha santuri mahali pake. Fungu la kwanza liwe la beibi na mchano tu, la pili lijibu kwa mdundo uleule lakini kwa flea, la tatu lizidishe sauti kwa obiti. Krabu moja fupi kabla ya lile pigo la kimya inatosha. Zikiwa tano msikilizaji hawezi tena kutofautisha ya kwanza na ya mwisho. Ukimaliza, hamia deki ya pili na ubadilishane mikono, uanze upya na beibi.